Kibali kinakaribia kwisha, na wakala anataka nitie sahihi fomu tupu: nianzie wapi?

Mkaazi wa Mwaka wa Sita:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa sheria za uhamiaji, au wa yeyote aliyekwisha kuipita njia hii, kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa jibu lake na majibu yenyewe yanapingana.

Ninaishi ugenini kwa mwaka wa sita sasa. Niliingia kwa kibali cha mwanafunzi, baada ya miaka miwili nikapata ajira na kubadilishiwa kibali kikawa cha kazi, na hicho ndicho ninachokitumia hadi leo. Zimebaki wiki 11 kiishe. Mwaka juzi niliolewa na raia wa nchi hii, na tangu hapo ndugu na marafiki wananiambia nisihangaike tena na vibali bali niombe uraia moja kwa moja, kwa kuwa mke wa raia naye ni raia. Mimi mwenyewe sina hakika kama ndivyo.

Mambo mawili yananitia hofu. La kwanza ni nyaraka zangu. Katika cheti cha kuzaliwa, jina la baba linatofautiana kwa herufi mbili na lilivyoandikwa katika pasipoti. Na tarehe yangu ya kuzaliwa, ambayo ni tarehe 4 mwezi wa 9, katika cheti kimoja cha shule imeandikwa kana kwamba ni tarehe 9 mwezi wa 4. La pili ni wakala niliyeelekezwa kwake. Alinipokea vizuri, akasema ana watu wake ndani ya idara na kwamba shauri langu ni jepesi. Kisha akaniomba nimwachie pasipoti halisi, akanipa na fomu tatu tupu nizitie sahihi mahali alipoweka alama kwa penseli, akisema maelezo atayajaza mwenyewe jioni. Pasipoti nilimwachia. Fomu nilimwambia nitazirudisha, nazo ziko mezani kwangu ninapoandika haya.

Je, ni lazima niwe na wakili? Nitamjuaje aliye wa kweli? Na je, nianze na uraia au na kibali?

Wakili wa Uhamiaji:

Dada, pole kwa mashaka, na hongera kwa kutozitia sahihi fomu hizo. Kesho asubuhi nenda ukachukue pasipoti yako. Hayo mengine yanaweza kusubiri siku mbili tatu, lakini hilo halisubiri. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, wewe umekabidhiwa tu uitunze, na mtu binafsi hana sababu ya kulala nayo kabatini mwake. Wakili anayejua kazi yake huiangalia mbele yako, hutoa nakala ya kila ukurasa wenye muhuri, akakurudishia hapo hapo. Ikiwa idara yenyewe itaihitaji wakati wa maombi, itakupa stakabadhi.

Kuhusu fomu tupu, soma mistari ya mwisho iliyo juu ya nafasi ya sahihi. Karibu kila nchi inaweka hapo tamko kwamba maelezo yote yaliyotangulia ni ya kweli na kwamba mwombaji anafahamu kuwa kudanganya ni kosa. Ukishaweka sahihi, kila atakachokiandika wakala jioni kitakuwa umekisema wewe. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Rottmann, Mwaustria kwa kuzaliwa, aliyepewa uraia wa Ujerumani bila kueleza katika maombi yake kwamba kwao alikuwa akichunguzwa kwa jinai. Alipoupata uraia wa Ujerumani, ule wa Austria ulimtoka kwa mujibu wa sheria; ukweli ulipojulikana, Ujerumani nayo ikautengua wa kwake, akawa katika hatari ya kubaki bila nchi yoyote. Mahakama haikusema kwamba kuutengua uraia uliopatikana kwa udanganyifu ni haramu. Ilichotaka ni kupimwa kama adhabu hiyo inalingana na uzito wa kosa. Huyo alinyamaza mwenyewe kwa kujua. Fikiria hali ya mtu anayesemewa uongo asioujua.

Umeuliza kama wakili ni lazima. Si lazima. Maombi mengi ya kurefusha kibali mtu anaweza kuyafanya mwenyewe akisoma maelekezo kwa makini. Lakini palipo na kukataliwa kwa zamani, hukumu ya jinai, siku ulizokaa bila kibali, mtoto, au nyaraka zisizokubaliana kama zako, ningekusihi ukae na wakili hata kwa saa moja.

Kumjua wa kweli kunaanza na orodha. Katika kila nchi yenye mawakili kuna chombo kinachotunza daftari lao, nawe una haki ya kuulizia jina la mtu na namba yake kabla ya kumwambia siri zako. Baadhi ya nchi zimeruhusu pia washauri wasio mawakili, ila kwa usajili. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1999, ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kuwa wakili au kusajiliwa. Kanada ilianzisha chombo kipya cha kuwasimamia washauri hao mwaka 2021. Marekani inamruhusu wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria kupitia shirika linalotambuliwa. Huko huko Marekani wahamiaji wengi kutoka Amerika ya Kusini wameponzwa na neno moja tu: kwao "notario" ni mwanasheria mwenye elimu kubwa, kumbe Marekani anayeitwa hivyo ni mtu wa kushuhudia sahihi basi. Sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu unaofanana na huo, maana wakala na wakili ni maneno ya shina moja yanayotenganishwa na irabu mbili tu, na vishoka wanaitumia vizuri nafasi hiyo. Mwulize huyo bwana, kwa maneno haya haya, kama ni wakili aliyesajiliwa na namba yake ni ipi.

Na anayekwambia ana watu wake ndani ya idara, dada yangu, amekuambia moja kati ya mambo mawili: ama anakudanganya, ama anakuingiza katika rushwa. Katika yote mawili, jina lililo kwenye faili ni lako.

Sasa kibali na uraia. Anza na kibali. Usemi kwamba mke wa raia ni raia ulikuwa na nguvu katika sheria za zamani za nchi nyingi, ambapo mwanamke alifuata uraia wa mume apende asipende na akapoteza wa kwao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1957 kuhusu uraia wa wanawake walioolewa uliandikwa kuondoa hilo: kufunga ndoa, au kuvunjika kwake, hakubadilishi uraia wa mke kwa nguvu ya ndoa pekee. Siku hizi kwa kawaida ndoa inafungua mlango na kufupisha muda, lakini muda wenyewe upo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inadai miaka 7 ya ndoa. Marekani inadai miaka 3 ya kuishi pamoja na mwenzi raia, na miaka hiyo iwe tayari una ukaazi wa kudumu. Uingereza nayo ni miaka 3 ya kuishi nchini, na siku ya kuomba uwe tayari na ruhusa ya kukaa bila kikomo. Miaka yako miwili ya ndoa isingetosha Kenya wala Marekani, na Uingereza ungekwama kwa kukosa ruhusa hiyo ya kukaa bila kikomo; na wiki 11 zikipita ukiwa umeshughulikia uraia peke yake, utajikuta mkaazi usiye na kibali, na hilo linaweza kuukata mfululizo wa miaka yako yote sita.

Omba kibali kipya kabla hiki hakijaisha, hata kama ni siku moja kabla, ingawa nakuomba usifike huko. Nchi kadhaa zina kanuni ya kumlinda aliyeomba kwa wakati: Uingereza, kwa mfano, kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971 kinarefusha ruhusa yake kwa masharti yale yale hadi uamuzi utoke. Aliyechelewa hana ulinzi huo. Angalia pia kama unaweza kuhamia kibali cha familia badala ya kile kinachokufunga kwa mwajiri, maana kibali cha kazi kinaweza kuanguka siku ajira inapoanguka.

Mwisho kwa leo, hesabu siku zako. Miaka sita haihesabiwi yote sawasawa. Katika maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu wakaazi wa muda mrefu, sharti ni miaka 5 mfululizo, lakini miaka ya masomo huhesabiwa nusu. Na anayetoka nje miezi 6 au zaidi kwa mkupuo mmoja, au zaidi ya miezi 10 kwa jumla katika hiyo mitano, kwa kawaida anaukata mfululizo. Hukutaja nchi uliyopo, na si lazima uitaje hapa hadharani. Kila sheria ina hesabu yake, lakini hakuna isiyohesabu. Chukua pasipoti zote, ya sasa na ya zamani, uandike kila kutoka na kila kurudi.

Aliyewahi Kukataliwa:

Ningependa kuongeza kisa changu, kwa kuwa nilizitia sahihi fomu ambazo wewe hukuzitia.

Miaka mingi nyuma niliwahi kunyimwa viza ya matembezi na nchi nyingine kabisa. Sikuona aibu juu ya jambo hilo na nisingelificha. Nilimweleza mtu aliyekuwa akinishughulikia maombi ya ukaazi, mbele ya mke wangu. Yeye akaona ni afadhali lisiwepo. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na swali kama mwombaji amewahi kukataliwa viza na nchi yoyote, na kando yake visanduku viwili. Akatia alama kwenye "Hapana". Mimi ukurasa ule niliuona kwa mara ya kwanza siku nilipoitwa kwenye mahojiano, ofisa alipougeuza kuelekea kwangu na kuweka kidole juu ya kisanduku hicho, kisha akaweka kidole kingine chini, kwenye sahihi yangu. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Hii ni sahihi yako?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini tena?

Maombi yakakataliwa. Kukataliwa kwa zamani hakukuwa tatizo kubwa. Kilichoniponza ni kuficha. Rufaa ilichukua zaidi ya miaka miwili, na yule mtu tangu wiki ile hakupokea simu yangu tena. Wakili aliyenisaidia baadaye aliniuliza swali moja ambalo namwachia dada yetu: una nakala ya kila ulichowasilisha? Mimi sikuwa na karatasi hata moja. Faili langu lote lilikuwa kwa watu wengine, upande mmoja idara na upande wa pili yeye. Ikiwa mtu anakujazia fomu, isomeni pamoja swali kwa swali, tena kwa lugha unayoielewa hata kama ni kupitia mkalimani, halafu utie sahihi, halafu uondoke na nakala mkononi.

Mtafsiri wa Nyaraka:

Mimi si mwanasheria. Nimekuwa nikitafsiri vyeti vya watu kwa ajili ya idara za uhamiaji kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu sehemu ya majina na tarehe peke yake.

Kwanza, usikirekebishe chochote kwa mkono wako, wala usimwombe mtafsiri akirekebishe. Watu huniambia, "Wewe andika tu jina kama lilivyo kwenye pasipoti." Siwezi. Kazi yangu ni kuandika kilichopo kwenye karatasi, na nikiona hitilafu naweza kuongeza maelezo ya mtafsiri chini ya ukurasa. Tafsiri safi iliyobandikwa kwenye cheti chenye kasoro humfanya ofisa alinganishe herufi kwa herufi, na akikuta tofauti ataitilia shaka hata ile karatasi isiyo na kosa.

Anzia kwenye shina. Cheti cha kuzaliwa ndicho shina. Pasipoti, vyeti vya shule na cheti cha ndoa ni matawi. Ikiwa msajili alikosea jina la baba, omba marekebisho kwa ofisi ya usajili ya nchi iliyokitoa, na kama uko mbali, ulizia ubalozi utaratibu wake. Ikiwa cheti kiko sahihi na pasipoti ndiyo iliyokosewa, basi inayorekebishwa ni pasipoti. Wakati hayo yakiendelea, au yasipowezekana ndani ya wiki 11, hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, ikiambatana na vielelezo viwili vitatu, mara nyingi hupokelewa pamoja na maelezo. Lakini sehemu nyingine haipokelewi peke yake, kwa hiyo uliza kabla ya kuapa.

Tarehe yako naihisi ilipotelea wapi. Marekani na nchi chache huandika mwezi kwanza, nchi nyingi huandika siku kwanza, na mtu aliyenakili 4/9 kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kufikiri amekuzaa upya mwezi wa Aprili. Tarehe zenye siku kuanzia 13 na kuendelea hujitetea zenyewe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Zilizo chini ya hapo hazina mtetezi. Katika tafsiri zangu mwezi ninauandika kwa neno pale tu hati inapoonyesha wazi ni mwezi upi. Kiombe chuo au shule iliyotoa cheti hicho barua ya uthibitisho. Ni jambo dogo na hutolewa.

Jambo jingine ambalo watu wengi hulielewa vibaya ni apostili. Mkataba wa Hague wa Oktoba 1961 uliondoa mlolongo wa kupeleka hati wizarani kisha ubalozini, ukaweka cheti kimoja badala yake, nacho ndicho apostili, kwa nchi wanachama. China ilianza kuutumia Novemba 2023 na Kanada Januari 2024, kwa hiyo maelekezo ya zamani mliyohifadhi huenda yamepitwa. Lakini apostili inathibitisha sahihi, muhuri na cheo cha aliyesaini tu. Haisemi kwamba yaliyomo ni kweli. Cheti chenye jina lililokosewa kikipigwa apostili kinabaki kuwa cheti chenye jina lililokosewa.

Msomaji Mgeni:

Samahani kwa kudandia mada ya mwenzangu. Je, mtu anaweza kusafiri kwenda kuona wazazi wakati maombi ya kurefusha kibali bado hayajajibiwa?

Wakili wa Uhamiaji:

Ndugu, uliza kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Uingereza, kwa mfano, kuondoka nchini maombi yakiwa hayajaamuliwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa umeyaondoa. Kwingine utapewa hati ya kurejea ukiomba mapema. Msiba au ugonjwa wa mzazi haukusamehe kanuni hiyo, na ninasema hivyo nikiwa na watu mbele ya macho yangu waliosafiri kuzika wakashindwa kurudi.

Mkaazi wa Mwaka wa Sita:

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Leo saa tatu asubuhi nilikwenda na mume wangu kuchukua pasipoti. Wakala alikasirika kidogo, akasema nimemvurugia utaratibu, na nilipomuuliza namba yake ya usajili akajibu kwamba yeye ni mwezeshaji. Pasipoti ninayo.

Nina maswali mawili mengine. Hapo baadaye, nikifikia kuomba uraia, nasikia nitatakiwa kuukana wa kwetu. Je, niukane mapema ili maombi yaende haraka? Na kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili, wanafanyaje?

Wakili wa Uhamiaji:

Usiukane mapema. Hilo nalisema bila masharti.

Nchi zinatofautiana: Kenya tangu 2010 raia wa kuzaliwa haupotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine, Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, Ujerumani iliondoa sharti la kuukana wa awali Juni 2024. Kwa hiyo utapaswa kusoma sheria mbili, ya unakotoka na ya unakokwenda. Mkataba wa mwaka 1961 wa kupunguza hali ya watu kutokuwa na utaifa, katika ibara ya 7, unaweka kanuni kwamba anayeomba uraia wa nchi nyingine asipoteze wa kwao hadi aupate huo mpya au ahakikishiwe kuupata. Si nchi zote zimeuridhia, na hata penye ahadi pana hatari. Mwanamke mmoja wa Estonia aliomba uraia wa Austria mwaka 2008, na mwaka 2014 akaahidiwa kwa maandishi kuupata iwapo ndani ya miaka 2 angethibitisha kuwa ameachana na uraia wa Estonia. Akauacha mwaka 2015. Mwaka 2017 ahadi ikafutwa kwa makosa ya barabarani: kutobandika stika ya ukaguzi wa gari, na kuendesha akiwa amelewa. Akabaki bila uraia wa popote. Tarehe 18 Januari 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kufuta huko hakukulingana na uzito wa makosa yenyewe, lakini hesabu miaka aliyokaa hivyo akisubiri kusikia hayo. Ukifika huko, kuukana uraia kuwe hatua ya mwisho kabisa, na barua ya ahadi uisome hadi tarehe yake ya mwisho na masharti yake, ukiwa na mtu wa sheria pembeni.

Kuhusu wasio na uwezo: nchi nyingi zina mfuko au mashirika ya msaada wa kisheria, na vyuo vikuu vingi vyenye kitivo cha sheria vina kliniki ambapo wanafunzi husaidia watu chini ya uangalizi wa mawakili. Mkimbizi, au mtu asiye na utaifa wowote, aende ofisi ya UNHCR, yaani shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, au mshirika wake. Huduma zao ni za bure, na anayedai malipo kwa jina lao aripotiwe. Na unapomlipa wakili, dai makubaliano ya maandishi yanayosema atafanya nini na hatafanya nini. Unaweza kumlipa kwa kazi ya kukagua fomu uliyoijaza mwenyewe, basi. Watu wengi hawajui kwamba hilo linaruhusiwa kuombwa.

Mkaazi wa Mwaka wa Sita:

Nimeelewa. Usiku wa leo tumekaa mezani na pasipoti mbili, mume wangu akisoma mihuri nami nikiandika. Tumepata safari tisa. Ya sita, muhuri wa kurudi umefifia kabisa, unaonekana mwezi tu.

Wakili wa Uhamiaji:

Usikisie siku. Tafuta tiketi katika barua pepe zako za mwezi huo, na umwombe mwajiri kumbukumbu ya likizo. Siku uliyorudi kazini huenda ipo humo. Ukiikosa kote, andika kwenye fomu kwamba muhuri hausomeki, uambatishe nakala ya ukurasa huo.